Mgeni akiondoka, nani atashika kisu? Shajara ya mafunzo ya kutengeneza njia ya mkojo

Februari

Kikao cha kwanza cha mradi kilikula mchana mzima, na muda mwingi uliishia kwenye swali moja: tufundishwe upasuaji gani? Hospitali yetu ni ya rufaa, mabingwa wa mfumo wa mkojo tu wachache mno, na wageni waliokubali kuja wana wiki moja tu. Vijana walitaka upasuaji wa matundu madogo. Wengine walitaka kutoa mawe ya figo kwa tundu la mgongoni, njia ambayo Fernström na Johansson waliieleza kule Uswidi mwaka 1976 na ambayo wagonjwa wetu wa mawe wanaihitaji kweli. Sikupinga hata moja. Niliomba tu tutazame nani wanakaa kwenye mabenchi ya kliniki yetu.

Wanakaa wanaume waliotobolewa chini ya kitovu, mpira unatoka kwenye kibofu, mfuko wa mkojo umefichwa ndani ya suruali. Huyu aliangushwa na bodaboda, nyonga ikavunjika na njia ya mkojo ikakatika. Yule aliugua kisonono zamani, kikatibiwa nusunusu, kovu likaja baadaye. Mwingine alilazwa kwa ugonjwa tofauti kabisa, akawekewa mpira kwa nguvu, puto likajazwa maji kabla halijafika kwenye kibofu. Wapo wanaorudi kila baada ya miezi michache kupanuliwa kwa vyuma, na mara nyingi kila kupanuliwa kunaongeza kovu juu ya kovu. Kazi nzito wameziacha, safari ndefu wanaziogopa, na mambo ya unyumba wengi huyataja wakitazama sakafu.

Kwa wengi wao tiba ya kudumu ipo: kukata sehemu iliyoziba na kuunga ncha mbili zilizo nzima, au kupanua njia kwa kiraka cha ngozi laini ya ndani ya shavu. Haidai mashine ya mamilioni. Inadai mkono uliofunzwa, uzi mwembamba, taa nzuri na subira. Ndiyo tuliyoichagua.

Tumekubaliana pia kwamba hii haitakuwa kambi. Kambi za madaktari bingwa naziheshimu, zimewafikia watu ambao nauli ya kwenda mjini hawana. Lakini kambi humaliza foleni ya wiki ile, kisha foleni nyingine inaanza. Sisi tunataka abaki mtu. Kwa hiyo mgeni atafanya upasuaji mmoja wa kuonyesha, halafu kisu kinahamia kwa daktari wetu na mgeni anasimama upande wa msaidizi. Na daktari huyo awe amechaguliwa mapema, wawili tu, badala ya kila mmoja kushika kidogo. Hapo rezidenti, madaktari wanaosomea ubingwa, walinung'unika, nami niliwaelewa, ila sikulegeza. Upasuaji huu hauwezi kujifunzwa kwa kuonja. Wawili hao wakiumudu, ndio watakaowafundisha wengine mwaka mzima bila kusubiri ndege itue.

Mfano hauko mbali. Kule Moshi, KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, taasisi yake ya urolojia, yaani tiba ya mfumo wa mkojo, imeshirikiana kwa muda mrefu na Urolink, kikundi cha mabingwa wa Uingereza, na upasuaji wa njia ya mkojo umekuwa kiini cha warsha zao. Uhusiano wa namna hiyo hujengwa kwa watu walewale kurudi mahali palepale. Nimeandika hivyo kwenye barua yetu ya mwaliko: tunaomba mje tena, na mje nyinyi.

Machi

Mwezi wa barua, vibali na orodha za vifaa. Sitarefusha, isipokuwa jambo moja. Wageni waliuliza walete nini. Tumewaomba wasilete uzi wa aina ambayo sisi hatuwezi kuununua wakishaondoka. Mfamasia wetu ameandika nyuzi zinazoyeyuka tunazozipata kwa kawaida, namba 4-0 na 5-0, pamoja na mipira ya silikoni namba 16, na hizo ndizo zitakazotumika. Walete miwani ya kukuzia na vyombo vya kutanulia jeraha, maana hivyo huoshwa, hutakaswa na kubaki. Daktari akifunzwa kwa uzi wa kifahari kisha akarudishwa kwenye uzi wa stoo yetu, anajifunza mara mbili.

Aprili

Sikutarajia kwamba picha zingetuchukulia mwezi mzima, lakini sasa naona ndizo msingi wa kila kitu.

Njia ya mkojo ya mwanaume ina urefu wa takriban sentimita 20, na imepinda. Ukimlaza mgonjwa chali na kumpiga eksirei akiwa amenyooka, ile sehemu ya msambani inajificha nyuma ya yenyewe, na kovu la sentimita tatu linaweza kuonekana kama la moja. Daktari anaingia chumba cha upasuaji akidhani ataunga ncha kwa ncha, anakuta pengo lisilofungika bila kuvuta. Faili nyingi tulizozipitia zilikuwa na picha za namna hiyo, nyingi zikiwa zimepigwa mahali tofauti na kwa haraka.

Wapiga picha wetu wawili walikubali kukaa nasi jioni. Tumefanya mazoezi ya kumgeuza mgonjwa ubavu nusu, goti la chini likunjwe, uume unyooshwe taratibu, dawa ya picha isukumwe polepole bila nguvu. Kwa walio na mpira wa tumboni tunajaza kibofu kwa juu, kisha tunamwomba mgonjwa ajaribu kukojoa huku dawa nyingine ikiingia kwa chini. Hapo pengo linaonekana pande zote mbili. Mmoja wa wapiga picha, dada mwenye umakini wa ajabu, ameanza kuandika pembe aliyotumia kwenye kila picha. Hakuna aliyemwagiza.

Tumerudia picha za wote tuliotarajia kuwafanyia upasuaji, na orodha imebadilika. Mzee mmoja aliyekuja na karatasi ya kovu moja ana makovu mawili. Kijana mwingine, picha yake ya awali ilitisha, kumbe njia iko wazi na tatizo ni kibofu. Wa tatu aliumia nyonga majuma machache tu yaliyopita. Huyu tumemwambia asubiri. Kwa mkato wa aina hiyo tunaacha angalau miezi mitatu ipite ili damu iliyovilia inywewe na kovu litulie, ndipo mtu aguse. Alisikitika sana. Mama yake aliuliza maswali ya maana kuliko sisi sote, nikayajibu moja moja hadi akaridhika.

Mei

Mazoezi ya mezani. Kila Alhamisi jioni mtu anapita machinjioni kuchukua utumbo wa mbuzi, na rezidenti wanaukata na kuuunga juu ya mpira namba 16, kwa miwani ya kukuzia, mshono kwa mshono. Kisha maji yanasukumwa kwa bomba la sindano kuona panapovuja. Wale wawili walioteuliwa wanafanya zaidi ya wote, na mikono imeanza kutulia.

Wauguzi wa thieta wameomba nao wafundishwe hatua zote za upasuaji kabla ya wageni kufika. Wako sahihi kabisa. Muuguzi anayejua hatua inayofuata anakuwa ameshaandaa kifaa kabla hakijaitwa, na katika upasuaji wa saa tatu au nne hilo linaokoa muda mwingi ambao mgonjwa angekaa miguu juu. Tumewapa jioni yao wenyewe, na mtaalamu wa usingizi akaja pia.

Juni, wiki yenyewe

*Jumatatu.* Wageni watatu: mabingwa wawili na muuguzi mmoja wa thieta. Siku nzima hatukushika kisu. Tulipita wodini, picha zikatundikwa, na kila mgonjwa akajadiliwa mbele ya wote. Mmoja wa mabingwa hao, tunayemwita Profesa, alishika picha za dada yetu wa eksirei akasema angefurahi kuzipata za namna hiyo kwao. Wawili waliondolewa kwenye orodha kwa sababu mkojo wao ulikuwa bado na vijidudu. Ni uamuzi mgumu kumwambia mtu aliyelala njaa tangu usiku, lakini kiraka kinachoshonwa kwenye uchafu hakishiki.

*Jumanne.* Upasuaji wa kuonyesha. Kovu la msambani, refu mno kwa kuunga moja kwa moja, hivyo kiraka cha shavu. Mrija wa kupumulia ulipitishwa puani ili mdomo ubaki wazi. Kabla ya kukata, Profesa aliwaonyesha rezidenti kitundu cha mate kilichopo mkabala wa gego la pili la juu, akakiwekea alama kwa wino, kwa maana ukikikata mgonjwa atateseka bure. Kiraka kilitolewa, kikatandazwa, mafuta yakakwanguliwa mpaka kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga.

Kilishonwa upande wa juu wa njia, kikiegemea nguzo za uume, zile mbili zinazojaa damu uume unaposimama, kama Barbagli wa Italia alivyoeleza mwaka 1996. Nguzo hizo zina damu ya kutosha kukilisha kiraka na uimara wa kukizuia kisilegee na kufanya mfuko. Bingwa wa pili anapenda zaidi namna ya Kulkarni wa Pune, India, iliyochapishwa mwaka 2009, ya kufungua upande mmoja tu ili mishipa ya upande wa pili ibaki salama. Jioni walibishana kwa adabu na kwa hoja, nasi tukasikiliza kwa hamu. Mwishowe nilisimama nikasema kwa mwaka huu tutashika namna moja, ile ya asubuhi, mpaka mikono iizoee. Wote wawili waliafiki.

*Jumatano.* Siku ninayoifikiria zaidi. Dereva wa bodaboda, nyonga ilivunjika zaidi ya mwaka uliopita, njia imekatika chini ya tezi dume. Kisu kilikuwa kwa mwenzetu, yule mdogo wa wale wawili. Mgeni alisimama mkabala naye.

Upasuaji huu una hatua ambazo George Webster wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alizipanga vizuri. Unaanza na msamba, unaifungua njia ya mkojo na kuilegeza, kisha unajaribu kama ncha zinafikiana. Hazifikiani, unatenganisha nguzo mbili za uume. Bado, unachonga ukingo wa chini wa mfupa wa kinena. Na ikishindikana kabisa, unaizungusha njia juu ya nguzo. Unasimama kwenye hatua inayotosha, huendi mbele kwa kutaka kuonyesha ujuzi. Chuma kilichopinda kilipitishwa kwenye tundu la tumboni mpaka kikagusa kovu kwa juu, na mwenzetu akakihisi kwa kidole. Akakwangua kovu mpaka akaona nyama ya waridi inayotoa damu safi. Alitaka kuanza kushona. Mgeni akamwambia kwa upole, "Toa kidogo zaidi, bado jeupe." Akatoa. Hapo ndipo wengi huharakisha, na kovu lililobaki ndilo hurudisha ugonjwa.

Ilibidi kuchonga mfupa. Damu ilitoka lakini ilidhibitiwa, na chupa za damu zilizoandaliwa hazikuguswa. Mtaalamu wa usingizi aliangalia saa tangu miguu ilipopandishwa, akatutangazia kila saa, maana miguu ikikaa juu muda mrefu misuli na neva huumia. Mshono wa mwisho ulipofungwa mwenzetu alivua miwani na kukaa kwenye kiti bila kusema kitu. Nilimwekea mkono begani. Nimemfahamu tangu akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

*Alhamisi.* Tulipanga wagonjwa watatu, tukafanya wawili. Vyombo vya kutanulia ni seti mbili, na mashine ya kutakasia ina mwendo wake. Katikati ya asubuhi sista kiongozi wa thieta alikuja mlangoni: "Dokta, seti ya pili bado ina moto, sitaitoa." Alikuwa na haki yote, na nilimshukuru mbele ya wageni. Kuanzia sasa ratiba itakuwa wagonjwa wawili kwa siku. Muuguzi mgeni na sista wetu walikaa mchana wakaandika utaratibu wa kuosha, kuhesabu na kufunga vyombo, kwa Kiswahili, ukabandikwa ukutani.

*Ijumaa.* Mgonjwa wa mwisho alifanywa na mwenzetu mkubwa. Mgeni alikaa kwenye kigoda nyuma, mikono kifuani, na hakunawa kwa ajili ya upasuaji.

Julai

Majuma matatu yamepita, mipira inatolewa. Kabla ya kumtoa mtu mpira tunasukuma dawa ya picha pembeni yake kuona kama mshono unavuja. Mmoja alivuja kidogo, tumemwachia mpira majuma mawili zaidi. Wengine njia ni safi.

Mashine ya kupima kasi ya mkojo hatuna, ila jagi lenye vipimo na saa vinatosha: mililita zilizotoka gawanya kwa sekunde. Ni wastani tu, haulingani na kile kilele kinachochorwa na mashine, lakini tukimpima mtu yuleyule kwa jagi lilelile tunajua anakoelekea. Dereva wetu wa bodaboda alikojoa akiwa amesimama, mara ya kwanza tangu ajali. Alitoka chooni na jagi mkononi akilia waziwazi, na muuguzi wa wodi naye akalia. Nimeyaandika haya kwa sababu ripoti ya wafadhili haina safu ya kuyaandika.

Kila mgonjwa amepewa tarehe za kurudi: miezi mitatu, sita, na mwaka mmoja. Daftari linakaa kwa sista wa kliniki, lina namba mbili za simu kwa kila mtu, yake na ya ndugu, kwa sababu simu hubadilishwa na hupotea.

Septemba

Wageni hawapo, na huu ndio mwezi niliokuwa naungoja.

Mwenzetu mdogo amefanya upasuaji wa kuunga, mwenzake akimsaidia, mimi nikiwa nje ya mlango kwa makusudi. Siku moja kabla walituma picha kwa Profesa wakaongea naye kwa simu ya video, na alikubaliana na mpango wao. Mgonjwa mwingine, mwenye kovu refu kutoka kichwani mwa uume hadi msambani, weupe wa ngozi ukionyesha kwamba ugonjwa wa ngozi bado unaendelea, wameamua kutomgusa, na amepewa rufaa kwa wenye uzoefu zaidi. Uamuzi wa kutogusa nimeufurahia sawasawa na upasuaji walioufanya.

Mmoja wa wagonjwa wa Juni amerudi kwa miadi ya miezi mitatu na kasi yake imeshuka. Picha inaonyesha pete nyembamba mahali pa mshono. Ameandikwa kwenye daftari hivyohivyo, wageni wamearifiwa, na atakatwa pete hiyo kwa kamera halafu tufuatilie. Daftari lisiloandika haya halina kazi.

Kutokana na faili za kliniki limezaliwa jambo jipya. Baadhi ya majeraha haya yanatokana na mpira uliowekwa vibaya, na hayo yanazuilika. Tumeanza kwenda kwenye vituo vya afya vya jirani na kiuno cha plastiki cha mazoezi. Mafunzo ni mafupi: weka jeli ya ganzi ya kutosha na uipe dakika kadhaa ifanye kazi, sukuma mpira mpaka mwisho kabisa, usijaze puto kabla hujaona mkojo, ukikwama usilazimishe, piga simu. Na mtu aliyevunjika nyonga, ukiona damu kwenye tundu la mkojo, usijaribu kupitisha kitu, mlete kwetu atobolewe tumboni. Manesi wa vituo wamelipokea kwa shauku kubwa. Mmoja alisema miaka yote aliyofanya kazi hakuna aliyewahi kumwonyesha, alijifunza kwa kutazama wengine. Tukizuia jeraha moja la aina hiyo tumempunguzia mtu mateso ya miaka, na gharama yake ni tyubu ya jeli.

Novemba

Kupanga duru ya pili. Wafadhili wanauliza idadi: mwaka huu mmefanyia upasuaji wangapi, mwakani mtaongeza kwa kiasi gani? Swali ni halali, fedha ni zao. Jibu langu nimeliandika kwa kirefu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoumudu, na kwamba zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi kila mwaka. Pengo la ukubwa huo halizibwi kwa wageni wa wiki moja, hata wakifanya kazi usiku na mchana. Linazibwa na mabingwa walioko kazini mwaka mzima. Kwa hiyo nimeomba tupimwe kwa mambo mengine: upasuaji uliofanywa wageni wakiwa hawapo, wagonjwa waliorudi kwa miadi ya mwaka mmoja, na madaktari wa mikoani waliofunzwa na hawa wawili wetu.

Ombi la mawe ya figo limerudi mezani, na safari hii lina nguvu zaidi kwa sababu mashine ya eksirei ya chumba cha upasuaji inatengenezwa. Nimeunga mkono lianze kwa mafunzo ya mezani, figo za ng'ombe kutoka machinjioni, kabla ya mgonjwa yeyote. Lakini Juni ijayo itabaki kuwa ya njia ya mkojo. Madaktari wawili kutoka hospitali za mikoa watakuja na wagonjwa wao na muuguzi wao wa thieta, watafundishwa na wenzetu hawa, na Profesa amekubali kuja kama msaidizi. Mwenzetu mdogo amekwisha andaa orodha ya mifano atakayoonyesha, na picha ya kwanza ni ile ya pete ya Septemba.

Kilichobaki ni ununuzi wa seti ya tatu ya vyombo, ili sista asilazimike kutuzuia mlangoni tena, na siku mbili zaidi ambazo wapiga picha wameziomba mwezi Januari kwa ajili ya wagonjwa wa mikoani. Siku hizo nimeziidhinisha leo.